Kete za Babu na Foleni ya Mkonze

Jumapili, 1 Juni 1997

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: mimi nikiona foleni ya magari ninafurahi. Wenzangu wanaziba pua kwa vumbi, madereva wanapiga honi na kutukana. Mimi moyo unanidunda. Natamani nipande juu ya paa nione inaanzia wapi, nani kamzuia nani, na nani akisogea kidogo tu wote watapita. Si jambo la kumwambia mtu. Wasichana wa darasa letu wanaandika majina ya wavulana nyuma ya madaftari. Mimi nachora njia panda.

Darasani wananiita Bubu. Hata jibu nikilijua, mkono hauinuki. Unakuwa mzito kama wa mtu mwingine.

Basi kesho taa za kuongoza magari zinawashwa! Ni hapa kwetu karibu, ukishavuka reli tu, barabara ya Mkonze inapokutana na barabara kubwa ya mjini. Nguzo zimesimama siku nyingi zimefungwa magunia vichwani kama maharusi. Tangu magari ya mitumba ya Dubai yaanze kumiminika, pale hapapitiki. Na Bunge la bajeti likianza ndiyo basi tena.

Babu ana sehemu yake katika taa hizi. Mwezi uliopita watu wa mradi waliweka mhesabu magari kwenye kila barabara, ili injinia ajue kila upande apewe kijani kiasi gani. Barabara ya Mkonze akapewa Babu. Alikuwa mlinzi wa geti la reli mpaka walipompunguza kazini — nani anaijua barabara ile kama yeye? Kalamu aliikataa, macho yamechoka. Alichukua kete zake za bao na makopo mawili. Gari likipita, kete inatoka kopo hili inaingia kopo lile.

Leo amelipiga pasi koti lake la reli, lile la vifungo vya shaba. Bibi akamuuliza kama kesho anaoa.

"Mke ninaye," akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, Shamila. Wewe Stara nilikukuta tu."

"Haya, mchukue! Ugali wake wa mabonge utakula wewe."

Wananichekesha wazee hawa. Mama anafundisha Haneti, namwona likizo. Lakini upweke siujui.

Jumatatu, 2 Juni

Zimewaka!

Watu walijaa kama siku ya mwenge. Gunia la kwanza likavutwa, nyekundu ikatoka, watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya alisimama kwenye nyekundu, ilipokuwa kijani akaishukuru — "Asante mwanangu" — ndipo akavuka. Mzee mwingine alitaka kujua usiku nani anakuja kuibadilisha.

"Habadilishi mtu," Babu akamjibu. "Inafuata hesabu. Ya Mkonze ni hesabu yangu."

Injinia Damas ni kijana wa Dar, mrefu, kofia ya plastiki inampwaya. Alimshika Babu mkono mbele ya watu wote, akasema mzee huyu ndiye aliyetupa namba za Mkonze. Babu akasimama wima kama treni ya rais inapita. Nilitaka kulia. Sijui kwa nini.

Kisha injinia akaniona nimejificha nyuma ya Bibi. Na binti huyu? Nikatazama viatu vyangu. Babu akasema, "Huyu ndiye injinia mwenyewe. Ulimi wake tu bado uko karakana."

Jumatano, 4 Juni

Kuna foleni. Siyo ile ninayoipenda.

Upande wa mjini magari yanapita, barabara inabaki tupu, na kijani bado kinawaka — kinaangalia hewa! Upande wetu wa Mkonze yanapita machache, nyekundu inarudi. Leo pikapu moja ilikaa nyekundu tatu mfululizo na bado haikuvuka. Utingo akateremka, akamwambia dereva azime injini wachome mahindi. Mwenye baiskeli akadakia, "Taa hii ina shemeji upande ule!" Wote wakacheka. Kesho hawatacheka.

Bibi hana saa lakini ana kipimo chake. Anasema kijani cha wenzetu anasoma Alhamdu mpaka Amina na kupangusa uso. Chetu hafiki hata katikati.

Nilimwuliza Babu anaonaje. Akasema taa ni mgeni, mgeni siku ya kwanza hujikwaa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeongea na injinia! Maneno mawili, lakini nimeongea.

Babu alinichukua tupeleke maandazi kwenye kontena lao la ofisi. Ukutani kuna mchoro wa njia panda yetu, mkubwa kama kitenge, na kila barabara imeandikwa magari mangapi. Nikausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Injinia akaacha chai yake akaanza kunieleza, polepole, kama anayeogopa ndege asiruke.

Anasema taa yetu haina macho. Kwenye lile kabati la chuma chini ya nguzo mna saa tu. Ameipa mipango mitatu — ya asubuhi, ya mchana, ya jioni — nayo inazunguka humo kama mtu anayekariri. Kuna miji wanazika nyaya chini ya lami, chuma kikipita juu taa inajua. Barabara ikiwa tupu inampa mwenzake zamu. Kuna miji mingine taa zimeunganishwa na kompyuta moja, zinapashana habari, ukipata kijani cha kwanza unakipata na cha pili na cha tatu mpaka ufike kwako. Nilisisimka mwili mzima. Fikiria taa zinazoulizana hali!

Sisi bado, akasema. Yetu inaamini inachoambiwa.

"Ikidanganywa?"

Nilikuwa mimi! Sauti yangu! Babu akageuka kama kaitwa na ukuta.

Injinia akacheka. Ikidanganywa itadanganyika kila siku bila kuchoka, alisema. Akaniazima kurasa alizotoa kopi, za Kiingereza kigumu. Kamusi iko chini ya mto wangu.

Jumapili, 8 Juni

Nimefanya njia panda kwenye mkeka. Mistari ya chaki, maharage ni magari, vizibo vya soda ni taa. Namba nimezitoa ukutani kwa injinia, zimekaa kichwani zenyewe.

Bibi alisimama mlangoni na sufuria. "Mke mwenzangu, hayo maharage tunapika au yanakwenda Iringa?"

"Bado kidogo, Bibi."

"Mwambie dereva aharakishe, nina njaa."

Nimerudia mpaka magoti yakaota alama za ukili. Kwa namba zile, mgawanyo wa injinia ni sawa kabisa. Kwenye mkeka foleni ya Mkonze inaisha kila mara. Barabarani haiishi.

Kwa hiyo taa haikukosea na injinia hakukosea. Namba za Mkonze ndizo ndogo.

Lakini Babu hasinzii. Babu hanywi. Miaka yote ile getini, hata kuku hakugongwa na treni.

Siyo Babu. Labda magari yameongezeka ghafla.

Maharage yameiva na vumbi la chaki. Babu kala, kasema matamu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeuliza. Nilikuwa namnawisha mikono kabla ya chakula, nikauliza kama utani tu, kazi ya kuhesabu ilikuwaje.

Uso ukamchangamka. Yale yalikuwa maisha, alisema. Walipita watu wake wote! Wale waliokuwa wanasubiri treni kwenye geti lake tangu wakibebwa mgongoni, sasa wana wajukuu. Wamesikia Mzee Swalihu yupo barabarani tena na kiti chake, wakawa wanasimama. Mzee Matonya wa Mkonze alishuka kwenye mkokoteni kabisa.

"Mtu akija naweka kete chini, nampa mikono miwili. Habari ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mtama. Na Wagogo unawajua — wakianza salamu yao ya mbukwenyi, mpaka wamalize!"

"Na magari, Babu?"

"Magari gani?"

"Yanayopita mkiwa mnasalimiana."

"Si yanapita tu?" Akanitazama kwa huruma, kama aliyeona mtoto hajui kushika tonge. "Mtu kanipa mkono, mimi macho yangu yako nyuma yake nahesabu vyuma? Nani alinilea hivyo, mke wangu?"

Maji yalinimwagikia miguuni. Nikasema samahani. Akasema maji ni baraka.

Hakunificha chochote. Hajui kama kuna cha kuficha.

Wanaompenda ndio wanaokuja kwa barabara ya Mkonze. Kadiri walivyompenda ndivyo magari yalivyopotea, na kijani chao kikafupishwa na heshima yao wenyewe. Hakuna kitabu cha Kiingereza chenye kosa hili.

Nampenda sana. Na hesabu ni mbovu.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika yalivyotokea, moja moja.

Nilikuwa natoka sokoni. Wabunge wameanza kuingia, trafiki wote wako barabara wanazopita wao. Foleni yetu ilitoka kwenye taa ikarudi nyuma mpaka relini. Sijawahi kuiona imefika pale. Lori la magunia ya alizeti lilikuwa limesimama, kichwa upande huu, mkia upande ule, reli chini ya tumbo lake. Mbele gari, nyuma gari.

Halafu honi ya treni.

Yotham, mlinzi wa geti wa sasa, alikuwa ameshika wenzo na hawezi kuushusha — atalishushia lori? Alipiga kelele, "Sogeeni! Sogeeni mbele!" Waende wapi? Mbele nyekundu. Na barabara ya mjini tupu, wallahi, tupu kama uwanja, kijani kinaangalia hewa. Dereva wa mbele kabisa naye hasogei, kafundishwa wiki nzima kuheshimu nyekundu.

Yotham akaacha geti akachukua bendera akakimbia juu ya mataruma ya reli kuilaki treni. Utingo wa lori aliruka. Wanawake waliokuwa juu ya magunia wakawa wanajitupa chini, mmoja na mtoto. Nilimpokea mtoto. Sikumbuki nilivyofika pale. Nyanya zangu ziko huko huko.

Treni ilisimama. Ilikuwa inatoka stesheni, haijashika mwendo. Ilisimama karibu, ningeweza kusoma namba usoni mwake. Ingekuwa ile inayoingia, yenye kasi, nisingeandika haya.

Babu alikuja mbio na kanzu, bila viatu. Alipoliona lori alikaa chini kwenye kokoto. Mzima mzima, akakaa.

Ijumaa, 13 Juni

Babu hakula jana, leo kala kidogo. Amerudi msikitini akakaa barazani na koti la reli magotini. Haliangalii, analipapasa tu.

Anasema Yotham kachelewa geti. Yotham aliyemfundisha mwenyewe! Anasema kijana angeanza kuzuia magari mapema, asingoje honi. Tumesikia Yotham kaitwa kujieleza. Ana mke na mtoto mchanga. Mkewe Antonia alipita na macho mekundu, akampa Babu shikamoo kwa magoti kama kawaida, na Babu akaitikia akitazama pembeni.

Nilimfuata Bibi jikoni. Nikamwambia kuna jambo la kumwambia Babu, litamwumiza.

Hakuniuliza jambo gani. Alichochea moto kwanza.

"Ni la kweli?"

"La kweli."

"Ukikaa nalo?"

"Ataumia mtu mwingine. Labda watu wengi."

Akafunika sufuria. Kisha akasema mkubwa haambiwi kosa lake na mtu aliyesimama. "Kaa chini. Wewe uwe chini, yeye awe juu. Hapo hata likiwa chungu atalimeza."

Nilikwenda barazani mara mbili. Mara ya kwanza nikamuuliza kama anataka chai. Mara ya pili nikamuuliza kama chai ina sukari.

Bubu!

Jumamosi, 14 Juni

Kikao kwenye kontena. Injinia Damas, afande mmoja wa trafiki, Yotham, na Babu aliyeitwa kama mtu wa kuheshimiwa. Mimi nilikwenda nimebeba chupa ya chai.

Injinia hakuwa amelala, ilionekana. Alisema ameangalia saa ya taa, nzima. Mipango, mizima. Namba zipo ukutani, hawezi kubadili mgawanyo kwa kuotea tu, akiwanyima wa mjini bila hesabu foleni itahamia kule. Afande akasema basi tatizo liko getini.

Yotham akajitetea kwa sauti ndogo, geti angelishushaje juu ya lori?

"Mwanangu," Babu akamwambia, "geti haliulizwi treni ikishafika. Nilikufundisha nini?"

Na Yotham — aliyekimbia juu ya mataruma na bendera — akainamisha kichwa. "Kweli, mzee wangu."

Hakuweza kumkatalia. Ndani ya kontena lile hakuna aliyeweza.

Nilifanya hivi. Niliweka chupa mezani. Nikaenda mpaka mbele ya kiti cha Babu, nikakaa chini, kwenye sakafu ya bati, miguu nimeikunja kama kwenye chuo cha Kurani. Afande akauliza binti ameanguka?

"Shikamoo, Babu."

Nilishampa asubuhi. Akashangaa. "Marahaba, mke wangu."

"Babu, wale waliokusalimu wakati ule wa kuhesabu. Magari yaliyopita mkiwa mnasalimiana hayamo kwenye kopo. Na walikuwa wengi, Babu, kwa sababu wanakupenda wengi. Taa haijui. Taa inadhani upande wa Mkonze hakuna watu."

Sikuinua macho. Niliona viatu vyake tu, na kidole kimoja kinapapasa kifungo cha shaba.

Injinia alitazama ukuta wake. Nikamsikia akisema taratibu, "Lahaula."

Kisha Babu akamgeukia Yotham.

"Yotham, mwanangu. Tangu asubuhi umekula?"

"Bado, mzee."

"Shamila, mpe chai. Mpe na maandazi yangu."

Akasimama akavaa kofia, akatoka.

Injinia akasema Jumatatu watahesabu upya barabara ya Mkonze, mapema, kabla wabunge hawajajaa. Atatafuta mtu mwingine wa kukaa pale.

"Hapana," nikasema. Mara ya pili siku moja! "Akae yeye. Na mimi nikae naye."

Akafikiri, akasema sawa. Lakini namba zikiwa na shaka tena, basi.

Babu alinitangulia njiani. Pale relini alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anavyofanya siku zote, akavuka. Hakunisubiri.

Jumapili, 15 Juni

Siku nzima hajaniita mke wangu. Wala Shamila. Kaniambia "wee mtoto, funga mlango, upepo."

Bibi anasema mpe muda. Kapika wali.

Jumatatu, 16 Juni

Naandikia hapa hapa barabarani, kitabu kiko mapajani, Babu kaenda kuswali adhuhuri na kijana wa mradi anashika zamu mpaka arudi.

Asubuhi sikuwa na uhakika kama atakuja. Nilipotoka nje alikuwa ameshavaa koti, ameshika makopo mawili. Kiti kimoja tu. Akatangulia. Nilipofika barabarani nikaona amekiweka kiti pembeni kidogo, na upande wa kushoto amepangusa vumbi kwa mguu, mahali pa mtu kukaa. Nikakaa hapo chini.

Alianza kuhesabu mwenyewe. Baridi, upepo unatupiga mchanga usoni. Lori, kete. Pikapu, kete.

Kisha nikamwona Mzee Matonya kwa mbali, na mkokoteni wake na punda wawili. Babu naye akamwona. Mkono wenye kete ukasita. Foleni ilikuwa imeanza kurudi nyuma tena kuelekea relini. Yotham alikuwa amesimama mbele ya geti na bendera yake, na treni ile inayoingia, yenye kasi, ilikuwa bado haijapita.

Matonya akafunga punda. "Mbukwenyi, Swalihu!"

Babu hakuitikia mara moja. Sijawahi kumwona amechelewa kuitikia salamu. Alitazama magari, akamtazama rafiki yake, midomo ikatikisika. Ilikuwa vibaya kumwangalia. Niliona atafanya — atamwacha mtu na mkono hewani.

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Niliitoa ile kete vidoleni mwake, nikaiweka koponi. Basi dogo likapita, nikaweka nyingine.

Babu akasimama, akampa Matonya mikono miwili. Habari ya nyumbani, habari ya ng'ombe, mtama je? Wakaanza, na hawakumaliza haraka. Katikati ya salamu, bila kugeuka, alilisukuma kopo kwa mguu likanikaribia.

Lori la karanga. Pikapu mbili. Nyekundu. Foleni ikasogea hatua moja kutoka relini, ikasimama. Nikaendelea kuhesabu.